Bunduki Ipimwe Kabla ya Kuaminiwa

Mji wa Same, nchini Tanzania, umekaa chini ya milima ya Upare, katika nchi kavu ambayo milima yenyewe huinyima sehemu kubwa ya mvua itokayo baharini. Na mtu apandaye kutoka mjini kwenda juu huiacha migunga na mikonge akaingia katika migomba, kahawa na tangawizi, mpaka afike msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462, ilhali yule aelekeaye kaskazini na mashariki huikuta mbuga ya Mkomazi, iliyotandaa hata mpaka wa Kenya. Kati ya msitu wa juu na mbuga ya chini ndipo walipo wakulima, na kwa hiyo mashamba yao huingiliwa kutoka pande zote mbili: nyani, ngedere na nguruwe mwitu hutoka vichakani, na ndovu hutoka mbugani usiku. Si ajabu, basi, kwamba miongoni mwa watu wa nchi hii wamo waombao idhini ya kumiliki bunduki ya kulindia mali yao. Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo aghalabu hupuuzwa, nalo ni yale yapasayo kufanywa siku bunduki mpya ya marisau inapotolewa katika sanduku lake, hususan ile ijijazayo yenyewe, kabla mwenyewe hajaitegemea kwa lo lote. Neno langu ni moja: bunduki hupelekwa uwanjani ili mwenyewe aujue mpaka wa uwezo wake, na asiyeujua mpaka huo hastahili kuaminiwa na jirani zake.

Bunduki ya marisau, ambayo siku hizi wengi huiita shotigani, ni ile ambayo mtutu wake ni laini kwa ndani, hauna michirizi ya kuizungusha risasi, nayo kwa mlio mmoja hutoa chembe nyingi ndogo badala ya risasi moja. Silaha za namna hii, kwa maana ya mtutu laini, si ngeni katika bonde la Pangani. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kutoka pwani kwa kulifuata bonde hilo, ikapita chini ya Usambara na Upare kuelekea Kilimanjaro, ikichukua nguo, shanga, baruti na bunduki, na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Huko Mazinde, kando ya njia hiyo, Semboja mwana wa Kimweri, mfalme wa Washambaa, alijipatia nguvu kwa biashara ya misafara, na vita vilivyofuata kifo cha baba yake viliwatia watu wengi utumwani, na watumwa hao wakauzwa ili bunduki nyingine zinunuliwe. Wapare hawakuwa wageni wa chuma, maana ukoo wa Washana ulikuwa ukikiyeyusha na kukifua tangu zamani, hata Wachagga wakawa wateja wao. Walakini chuma chao kilikuwa cha majembe, mikuki na mishale, na ile silaha iliyoua kwa mbali iliwajia mikononi mwa watu wengine.

Bunduki nyingi za wakati huo zilikuwa za gumegume, kisha za fataki, nazo zilijazwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki zenye michirizi na zile zijazwazo kwa nyuma zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, ila kwa idhini maalumu, na zile za gumegume zikaachiwa masharti mepesi zaidi. Gobore, yaani bunduki hiyo ijazwayo kwa mdomo, likabaki kuwa silaha ya mtu wa kawaida vijijini kwa muda mrefu, na hata leo polisi huyakamata magobore yaliyotengenezwa kienyeji, ambayo mara nyingine humpasukia mkononi mwenye kuyatumia. Ama madhara ya bunduki iliyo mikononi mwa asiye na haki nayo, Mkomazi ni shahidi wa kutosha: pori la akiba lilianzishwa hapo mwaka 1951, majangili wakawamaliza vifaru weusi wote, ikabidi tangu mwaka 1997 kuletwa wengine kutoka Afrika Kusini na kulindwa ndani ya uzio, na mwaka 2008 pori hilo likawa hifadhi ya taifa.

Kwa sababu ya historia hiyo, sheria haikuiacha bunduki iwe jambo la mtu na fedha zake tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mwombaji aeleze sababu yake, naye huchunguzwa mwenendo wake kuanzia kwa viongozi wa mahali akaapo hadi polisi. Na mwaka 2016 wenye silaha nchini waliamriwa wazipeleke polisi zihakikiwe, wakubwa kwa wadogo. Fauka ya hayo, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshiriki wake, imeziagiza nchi zetu ziwakataze raia kumiliki bunduki za risasi zijifyatuazo mfululizo na hata zile za nusu-otomatiki zenye mtutu wa michirizi. Kwa hiyo mwenye kutaka bunduki ya marisau ijijazayo yenyewe na aulize kwanza polisi kama aina ile aitamaniyo inaruhusiwa, kabla hajatoa hata senti moja. Na akishaipata, asiijaribu nyuma ya nyumba wala bondeni kwa kificho, bali mahali ambapo polisi wenyewe wameridhia.

Inafaa kujua bunduki hii inavyofanya kazi, kwa kuwa hatari yake kubwa imo katika ufundi wake. Aliyeisanifu kwanza kwa mafanikio ni John Moses Browning wa Marekani, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Alitaka alipwe sehemu ya fedha kwa kila bunduki itakayouzwa. Kampuni ya Winchester, aliyoifanyia kazi miaka mingi, ikakataa. Mwaka 1902 akaenda kwa kampuni ya Remington, na alipokuwa akingoja kuonana na mkuu wake, Marcellus Hartley, akaletewa habari kwamba mtu huyo amefariki siku ile ile. Browning akavuka bahari hadi Herstal, Ubelgiji, na kiwanda cha huko kikaitengeneza bunduki yake iliyoitwa Auto-5, kwa kuwa ilichukua risasi tano. Nayo ikaendelea kuundwa kwa karibu karne nzima. Yeye mwenyewe alifia kiwandani hapo mwaka 1926, akiwa bado kazini.

Katika bunduki ya Browning, mlio ukitokea, mtutu pamoja na komeo, yaani kile kipande cha chuma kiufungacho kwa nyuma, hurudi nyuma pamoja. Kisha mtutu hutangulia kwenda mbele, ganda tupu likatupwa nje, na komeo likafuata likisukuma risasi mpya mahali pake. Bunduki nyingi za baadaye huchota sehemu ya moshi wa baruti kwa tundu dogo la mtutuni, moshi huo ukaisukuma pistoni ifanyayo kazi hiyo hiyo. Namna ya tatu, iliyobuniwa na Mwitaliano Bruno Civolani katika miaka ya 1960 na kutumiwa na kampuni ya Benelli, huitegemea kamani nene iliyo ndani ya komeo: bunduki inaporudi begani, komeo hubaki mahali pake kidogo kwa uzito wake, kamani ikabanwa, kisha ikalirusha komeo lifunguke. Namna zote hizi zina matokeo mamoja, nayo ndiyo ya kukumbukwa: mara tu baada ya mlio wa kwanza, bunduki imekwisha kujijaza, na iko tayari kuua tena bila ya mwenyewe kuigusa zaidi ya kidole. Mtu aliyezoea gobore, ambalo likisha kulia halina kitu tena ndani, huishusha silaha yake kwa moyo mtulivu baada ya mlio. Akiishusha hivyo hii mpya, mdomo wake ukaelekea kwa mwenzake, msiba uko karibu mno. Basi somo la kwanza la uwanjani hutangulia shabaha yo yote: mdomo wa bunduki hauelekezwi po pote ila penye tuta, na kidole hakiingii penye kifyatulio ila jicho limekwisha kuliona lengo na kile kilicho nyuma yake.

Uwanja wenyewe huchaguliwa kwa hisabati. Jenerali mmoja wa Kifaransa, Journée, alipata kanuni ambayo kwa vipimo vyetu husema kwamba kila milimita moja ya kipenyo cha chembe ya risasi huipa takriban mita 80 za kwenda mbali kabisa. Marisau madogo ya kupigia ndege, yenye kipenyo kisichofikia milimita 3, huweza kuanguka mita 220 kutoka penye mpigaji. Na yale makubwa ya milimita 8 na kitu, ambayo risasi moja ya kawaida huyachukua tisa, huweza kufika zaidi ya mita 600. Kwa hiyo haitoshi kuona kwamba shabaha iko mita 30 na nyuma yake hakuna mtu; yapasa nyuma yake pawe na tuta la udongo mnene, na nyuma ya tuta pasiwe na njia, zizi wala nyumba kwa masafa hayo yote. Miteremko ya Upare ina miamba mingi, na marisau yakipiga jiwe hurudi yatakako. Mlima wa mawe, ingawa ni mrefu, si kinga. Tena nchi hii ina watoto wachungao mbuzi na akina mama waokotao kuni mahali ambapo mgeni angedhani hapana mtu, na kwa hiyo watu hutangulizwa kuzunguka nyuma ya tuta, bendera nyekundu ikatwekwa, na mzee wa uwanja akapaza sauti kabla ya kila zamu. Akisema, “Simamisha!” hapana wa kumjibu, “Ngoja kidogo, mzee”, silaha hufunguliwa na kuwekwa chini palepale.

Sasa bunduki yenyewe. Hutoka kiwandani imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na mafuta hayo hupanguswa yote, kisha mtu akachungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma auone ukimetameta, hauna kitambaa, karatasi wala tope. Baada ya hapo husomwa maandishi yaliyochongwa ubavuni mwake. Namba 12 maana yake ni kwamba duara ya mtutu ingetosha tufe la madini ya risasi ambalo matufe kumi na mawili yake huwa ratili moja, yaani upana wa kama milimita 18 na nusu. Na namba 70 au 76 ni urefu, kwa milimita, wa ganda ambalo chumba chake kinaweza kulipokea. Ganda la milimita 76 laweza kuingia katika chumba cha 70, kwa kuwa kabla ya mlio huwa limekunjwa mdomo, lakini likifunguka halina nafasi, na nguvu ya moshi hupanda kupita kiasi. Hatari zaidi ni risasi ya namba 20 kuchanganyika na za namba 12: ile ndogo huteleza ikakwama mbele mtutuni, mpigaji akadhani bunduki ni tupu akatia nyingine, na mtutu ukapasuka. Ndiyo sababu viwanda vingi huyatia maganda ya namba 20 rangi ya manjano; na mtu mwenye hadhari haweki aina mbili katika mfuko mmoja.

Mlio wa kwanza hupigwa kwa risasi moja tu, hata kama bunduki huchukua tano. Mpigaji amevaa kinga ya masikio, kwa kuwa mlio wa bunduki hii hupita desibeli 140, kiasi ambacho hata mara moja huweza kudhuru usikivu. Na miwani pia, kwa ajili ya chembe na moshi urukao pembeni. Husimama mguu wa kushoto umetangulia, mwili umeinamia mbele kidogo, kitako kimekazwa katika shimo la bega wala si juu ya mfupa, na shavu limegusa mbao. Chembe za gramu 32 zikitoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, bunduki ya kilo tatu na kidogo hurudi nyuma kwa mwendo wa mita 4 au 5 kwa sekunde. Aliyeishika kwa kulegea huumia, na katika ile ya kamani, kulegea huko au kuegemea kitu kigumu kwaweza kuifanya isijijaze vema. Akisha kuona ganda limetoka safi, hutia mbili, akathibitisha jambo ambalo bila shaka ni kubwa kuliko yote katika jaribio hili: kwamba kifyatulio kikivutwa mara moja hutoka mlio mmoja tu, wala wa pili haufuati. Bunduki itoayo miwili kwa mvuto mmoja haitengenezwi uwanjani. Hufungwa, ikarudishwa kwa fundi mwenye leseni.

Hufuata mtihani wa kujijaza. Bunduki mpya bado ni ngumu, na risasi nyepesi za gramu 24 au 28 huenda zisiwe na nguvu ya kulirudisha komeo mpaka mwisho. Hujaribiwa kwa zile nzito kwanza, kisha nyepesi, na kila aina huandikwa kama ilipita au ilikwama. Kifyatulio kikivutwa na mlio usitokee, bunduki hubaki imeelekea tutani kwa muda wa nusu dakika kabla ya kufunguliwa, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Mlio ukitoka dhaifu kuliko kawaida, hapo ndipo pa kusimama kabisa: yamkini kizibo cha risasi kimebaki mtutuni, na mlio unaofuata ungeupasua. Walioumia kwa jambo hili hawakukosa nguvu wala ujasiri, walikosa subira ya dakika moja.

Kisha ndipo hufika kazi iliyo kiini cha siku hiyo, nayo ni kupiga karatasi. Karatasi kubwa ya zaidi ya mita moja kila upande hutungikwa mita 36 kutoka kwa mpigaji, akaipiga mara moja katikati, kisha huchorwa duara ya sentimita 76 mahali ambapo matundu yamesongamana zaidi, na yaliyomo ndani yakahesabiwa. Mdomo wa mtutu huweza kubanwa kidogo au kuachwa wazi, na mbano huo hutawala kutawanyika kwa marisau, kama vile kidole kilichobana mdomo wa mpira wa bustani kinavyoyapeleka maji mbali yakiwa yamekusanyika. Mtutu ulio wazi huingiza katika duara hiyo karibu asilimia 40 ya chembe zake, na uliobanwa kabisa karibu asilimia 70. Walakini hayo ni maneno ya kitabu, na bunduki mbili za kiwanda kimoja huweza kutofautiana, hata bunduki moja ikatofautiana kwa risasi za viwanda viwili. Karatasi hupigwa tena kwa mita 20 na kwa mita 30, kwa kila aina ya risasi ambayo mwenyewe hukusudia kuitumia, na juu ya kila moja huandikwa tarehe, masafa, mbano na jina la risasi.

Mwenye kuzitazama karatasi hizo bila ya kujidanganya huona mambo ambayo hakuna muuzaji aliyemwambia. Huona kwamba chembe ambazo katika mita 20 zilikuwa pamoja, katika mita 36 zimeacha nafasi tupu ambamo ndege angepita salama. Na kwamba nje ya duara yake zimo chembe nyingi alizozituma yeye, ambazo hakuwa na habari za ziendako. Huona pia mtutu wake unapiga juu, chini au kando ya pale alipolenga. Hapo hesabu humwambia: kupita masafa fulani, bunduki hii hujeruhi tu, haiui, na kujeruhi mnyama ni ukatili kwake, na ni kumwachia jirani hatari porini.

Maarifa haya yana kazi kubwa katika nchi ya Same. Katika mashamba ya mpunga ya Ndungu, kwelea kwelea wakishuka kwa makundi yasiyohesabika, bunduki haifai kitu. Shauri lao ni la wizara ya kilimo na ndege zake za kunyunyizia dawa. Kwa nguruwe mwitu huhitajiwa marisau makubwa na masafa mafupi, pamoja na kibali, kwa kuwa leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ina masharti yake, na ndani ya hifadhi ya Mkomazi uwindaji ni haramu kabisa. Ama ndovu, marisau humwasha ngozi na kumtia hasira tu, na ndovu aliyejeruhiwa humlipizia yule atakayekutana naye kesho, ambaye huenda ni mtoto aendaye shule.

Jioni, bunduki ikisha kupoa, husafishwa mtutu na mahali pa komeo, kwa kuwa masizi ya baruti na vumbi la nchi hii huikwamisha haraka. Mikono huoshwa kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu. Silaha hufungiwa mahali pake na risasi mahali pengine, funguo zikakaa kwa mtu mmoja, na karatasi zikahifadhiwa pamoja na leseni. Warithi nao na waambiwe mapema kwamba mwenye bunduki akifariki, silaha yake haigawanywi pamoja na mashamba, bali huripotiwa na kupelekwa polisi.

Watakuja usiku majirani kumwamsha mwenye bunduki, wakisema, “Baba, ndovu wameingia kwenye mahindi, njoo na bunduki yako.” Mtu ambaye hakuwahi kuipima silaha yake ataona haya kukataa, atatoka nayo gizani, akapiga kwa mbali kile asichokiona vema, huku watu wa kijiji wamezagaa mbele yake na tochi zao. Yule aliyezihesabu chembe zake karatasini atawaambia ndugu zake kwamba bunduki hii haiwezi kazi hiyo, watu wakae nyuma, wapige madebe na kuwasha moto, na askari wa wanyamapori waitwe. Kijiji chenye mtu wa namna hii kimepata mlinzi, kwa kuwa amejifunza kukataa kwa ushahidi, na ushahidi huo aliupata kwa asubuhi moja ya subira mbele ya tuta la udongo.